Dhamana na Mlima

Katika lugha yetu neno dhamana lina makazi mengi. Mshitakiwa hutoka rumande kwa dhamana. Mtumishi hukabidhiwa dhamana ya ofisi. Na mnunuzi wa chombo kipya hupewa karatasi iitwayo hati ya dhamana. Makazi yote hayo yana nguzo moja: yupo mtu anayesema, "Likitokea la kutokea, niulizeni mimi." Neno hili nililijua tangu utotoni Unguja, walakini sikupata kulipima uzito wake hadi nilipostaafu ualimu mjini Morogoro, nikatwaa fungu kubwa la kiinua mgongo changu na kununua gari jipya la dizeli.

Jambo hilo si la kawaida kwa watu wa tabaka langu. Magari mengi tunayoyaendesha huletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na mnunuzi hana wa kumwuliza ila Mungu na fundi wake. Mimi nilitaka jipya kwa sababu mahsusi. Mke wangu ni Mluguru wa Mgeta, na kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Shamba la kabichi, karoti na njegere lililo juu ya Nyandira ni lake na la ndugu zake. Mimi ni mkwe tu, mwenye usukani. Kazi yangu ya uzeeni ingekuwa kuteremsha mboga mjini, kuwapandisha watu makwao, na nyakati za masika kumwahisha mgonjwa hospitali.

Njia ya huko huiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, ikapita Mlali, kisha ikaanza kuukwea mlima kuelekea Langali. Kwa miaka mingi wafalme wa njia hiyo walikuwa Land Rover 109, ambazo Uingereza iliacha kuziunda katikati ya miaka ya 1980. Injini zake zilikuwa na subira ya punda. Injini ya dizeli ya leo ni kiumbe wa namna nyingine: pampu yake huisukuma dizeli kwa shinikizo linaloweza kupita mara 1,500 ya shinikizo la hewa tunayoivuta, na matundu ya nozeli zake ni membamba mno. Maji kidogo yakiingia humo ni maradhi. Ni kweli kwamba tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilijiwekea kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 katika milioni ya dizeli. Lakini kiwango hakilindi dumu la plastiki lililokaa wiki mbili chini ya paa linalovuja, na huko juu, taa ya mafuta ikiwaka, dumu ndilo kituo.

Gari lilikuwa halijamaliza wiki nilipolipeleka kwa fundi wangu wa miaka ishirini. Alilizunguka kimya, akachuchumaa, akachungulia chini, akainuka.

"Mwalimu, hili limeundwa kwa ajili ya lami," alisema. "Tuliinue kidogo kwa springi na shokapu ndefu. Tulifunge matairi makubwa na bamba la chuma chini ya injini. Bomba la kuvutia hewa tulipandishe hadi juu ya paa. Chujio la pili la dizeli, la kutenga maji. Na yupo kijana Dar es Salaam anaigusa kompyuta ya injini. Linapata nguvu, utapanda Langali kama unateremka."

"Na likiharibika?"

"Tutalitengeneza, Mwalimu."

"Kwa fedha za nani?"

Alicheka, nami nikacheka, kwa kuwa jibu tulilijua sote wawili.

Usiku ule niliisoma hati yangu kwa miwani. Miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Kifungu kimoja kilisema kuwa mabadiliko yasiyoidhinishwa yataondoa dhamana. Kifungu cha chini yake kilisema kuwa madhara yatokanayo na mafuta machafu hayamo katika dhamana. Nilivisoma mara tatu. Ajali niliyokuwa na hakika kwamba siku moja ingenifika, hati haikuibeba. Na kinga ya ajali hiyo, yaani chujio la pili, hati iliitazama kwa jicho la shaka. Jirani yangu yalikwisha kumpata hayo. Maji yaliua pampu ya gari lake likiwa na mwaka mmoja, aliyemwuzia akamwonesha kifungu, na jirani akauza kiwanja ili alipe.

Nilimkumbuka mjomba wangu wa Nungwi, kijiji ambacho watu wake wameunda majahazi kwa vizazi vingi. Mjomba hakupewa karatasi alipokabidhiwa chombo chake. Lakini kalafati ikilegea na maji yakiingia, fundi hakuwa na pa kukimbilia, maana wangekutana msikitini adhuhuri na arusini Alhamisi. Dhamana yake ilikuwa uso wake. Fundi wangu wa Morogoro naye anao uso huo, ila hana fedha za kununua pampu mpya. Kampuni inazo fedha, ila haina uso, ina vifungu. Mnunuzi wa leo amesimama katikati yao.

Mlima wenyewe una kumbukumbu ya mabadiliko yaliyoshauriwa na wasiobeba hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuzichonga ngazi shambani mwao ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia iliandikwa vizuri kwenye makaratasi. Lakini katika sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Kuchonga ngazi kulikuwa kuufukia na kuliibua juu lile la chini lisilozaa. Aliyeamuru aliendelea kupokea mshahara, aliyechimba akavuna haba. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Upande wa Mgeta, ambako mboga za sokoni zililipa jasho la mchimbaji, ngazi zilikubaliwa. Badiliko lilikuwa lile lile. Kilichotofautiana ni hesabu ya anayelibeba.

Kutokana na hayo nilijiwekea kanuni: kila anishauriye kubadili, au kutobadili, nimwulize hasara itamwangukia nani. Marekani waliligusa suala hili mwaka 1975 kwa sheria iitwayo Magnuson-Moss, ambayo kwa kawaida haimruhusu mwenye kutoa dhamana kuifuta kwa sababu tu mnunuzi amefunga kipuri cha kampuni nyingine. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu za kumlinda mlaji. Sikutaka lakini kuanza uzee wangu kwa kesi. Niliandika barua, nikaorodhesha mabadiliko sita, mbele ya kila moja nikaacha nafasi ya ndiyo au hapana, nikaomba sahihi na muhuri.

Majibu yalichukua wiki tano. Chujio la pili: ndiyo, likifungwa katika karakana yao. Bamba la chini: ndiyo. Bomba la hewa: ndiyo, wanaloliuza wao. Kuinua gari, matairi makubwa na kuigusa kompyuta: hapana, hapana, hapana. Sikuona uonevu katika hapana zao. Gari likiinuliwa, uzito wake hupanda juu na vyuma vya kuzungusha magurudumu hufanya kazi kwa pembe visiyoizoea. Na injini inayolazimishwa nguvu huchemka zaidi ya alivyokusudia aliyeiunda. Nilitii. Barua ile nimeiweka pamoja na kadi ya gari, ndani ya mfuko wa plastiki.

Chujio limekwisha kunilipa. Mara mbili nimelifungua bomba lake la chini nikaona maji yakitoka kabla ya dizeli, nikamshukuru Mola.

Lakini Aprili iliyopita, usiku, nilipigiwa simu kuwa mke wa mpwa wa mke wangu ameshikwa na uchungu. Mvua ilikuwa ya siku tatu. Nilipanda hadi mahali ambapo magari makubwa yalikuwa yamechimba mifereji miwili katikati ya njia, mirefu kuliko magurudumu yangu. Gari lilikalia tumbo, bamba likakwaruza mwamba, nikarudi nyuma. Ilinibidi nisubiri. Baada ya saa moja na nusu niliona tochi zikiteremka: wanaume wanne na machela, mke wetu juu yake chini ya turubai, na wanawake wawili wakimshika mkono. Tulifika hospitali kabla ya alfajiri, na mtoto alizaliwa salama.

Asubuhi shemeji yangu, mmoja wa wale wanne, alikuwa amekaa kwenye ngazi za wodi akikwangua tope viatuni.

"Shemeji," alisema, "mafundi si wanaweza kuliinua hili gari?"

"Wanaweza. Lakini dhamana bado ina miezi kumi na minne."

Aliendelea kukwangua kiatu cha pili hadi kikatakata.

"Basi," alisema, "hiyo miezi kumi na minne tutakuwa tunabeba sisi."