Mwenye Nyumba Alilipwa, Mimi Nikanunua Vijiko

Moto haubishi hodi wala haungoji mwisho wa mwezi. Hayo niliyajua Julai 2018, tulipokuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili katika ploti moja mtaani Umoja, Nairobi.

Tulikuwa tukitoka kanisani, mimi, mke wangu na mtoto wetu, tulipouona moshi ukifuka kutoka orofa ya tatu. Nyaya za umeme katika nyumba ya jirani zilikuwa zimeshika moto, nao ukarukia kwetu. Majirani walipomaliza kumwaga ndoo za maji, tulibakiwa na nguo tulizovaa na sufuria mbili. Makochi, kitanda, televisheni, na friji ambayo mkopo wake wa chama ulikuwa haujaisha, vyote viliteketea.

"Usijali, Baba Watoto," jirani mmoja alinituliza. "Mzee ana bima. Mtalipwa."

Kesho yake nilifika kwa mwenye nyumba kwa matumaini makubwa. "Pole sana, kijana wangu," akaniambia. "Lakini bima yangu ni ya jengo. Vyombo ni vyako."

Niliondoka nikimlaani. Baada ya miezi michache alilipwa, kuta zikapakwa rangi upya. Mimi nilikuwa ningali nikinunua vijiko.

Hasira ziliponipoa nilimwendea wakala wa bima, nikitaka aniambie kuwa nimedhulumiwa. Hakuniambia hivyo. Mtu hukatia bima kitu ambacho kikiharibika, hasara ni yake. Mzee alikatia kuta, paa na milango kwa sababu ni mali yake. Makochi yangu hayakumhusu.

Wakala alinieleza kuwa bima ya nyumbani huuzwa kwa mafungu. Kuna fungu la jengo, la vyombo vya ndani, la vitu vya kubeba kama simu na kompyuta, la mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini, na la kuwafidia watu wengine ukiwasababishia hasara. Mpangaji huliacha lile la jengo na kuchukua yanayomfaa.

Fungu hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho. Kumbe moto ungeanzia kwetu, tuseme kwa pasi tuliyoisahau, kampuni ya bima ingemlipa mzee kisha ingekuwa na haki ya kunigeukia mimi na kunidai! Vivyo hivyo, mwenye nyumba akijua nyaya ni mbovu na asizitengeneze, mpangaji aliyepata hasara anaweza kumshtaki. Lakini sharti awe na ushahidi, na maneno matupu kwa msimamizi wa ploti hayatoshi. Andika barua, ubaki na nakala.

Jambo jingine ni kutopunguza thamani ya vyombo ili ulipe ada ndogo. Vyombo vya Sh300,000 ukivikatia bima ya Sh150,000, kisha upate hasara ya Sh100,000, kampuni nyingi zitakulipa Sh50,000 tu, kwa kuwa uliweka bima ya nusu.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kampuni imeidhinishwa na IRA, mamlaka inayosimamia biashara ya bima nchini. Weka risiti na picha za vyombo vyako mahali pengine. Zetu ziliungua pamoja na kabati.

Siku hizi tunaishi kwingine. Siku ya kutia sahihi makubaliano ya nyumba hiyo, nilimwuliza mwenye nyumba mapema: "Bima yako inalinda nini?" Alishangaa, kisha akanionyesha. Swali hilo lilichukua dakika tano tu. Yule mzee wa Umoja sikumwuliza kwa miaka minne niliyokaa kwake, na sasa sina haki ya kumlaani.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli. Lakini msomaji mwenzangu, baada ya ajali mtoto atahitaji mahali pa kulala, na kitanda hicho si kazi ya mwenye nyumba kukinunua.