Ngazi za Nyumba: Mbao au Zulia?

Katika nyumba tunayoijenga Zinga, si mbali na bahari, jambo lililotuchukua majuma mengi si paa wala madirisha, bali ngazi za ndani. Mke wangu alitaka zulia. Hoja yake ilikuwa nzito: mama yangu, atakayekaa nasi, magoti yake yamechoka, na mbao zilizopakwa vanishi huteleza kama sakafu yenye sabuni. Mzee akivunjika nyonga, huenda asisimame tena.

Hata hivyo, ndugu msomaji, zulia lina kazi yake katika nchi za baridi. Pwani yetu mchanga huingia na kila unyayo, ukazama katika nyuzi na kuzikata taratibu. Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, zulia hunywa unyevu, likaota ukungu na kunuka. Nalo likishapigiliwa misumari haliwezi kuanikwa juani kama mkeka wa ukindu. Tena huficha mchwa, hata ugundue siku kidato kinapobonyea.

Tumekubaliana mninga, ambao mbao za moyo wake mchwa hawazipendi. Seremala ameambiwa aache vanishi ing'aayo, achonge mifereji miwili ukingoni mwa kila kidato, na aweke vishikio pande zote mbili. Vidato vyote viwe na kimo kimoja, maana mguu wa mzee hukariri kipimo.

Mama mwenyewe, alipoulizwa, alijibu kwamba angependa chumba cha chini, karibu na jiko. Atapewa. Lakini wajukuu wake watalala juu, nasi tunajua atapanda.