Matufaha ya Lushoto na Keki ya Jikoni

Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kuwa tufaha ni tunda la mgeni. Huja kwa meli, hupangwa juu ya meza ya mwenye duka likiwa linang'aa kama kioo, na hununuliwa moja moja kwa ajili ya mgonjwa au mtoto. Dhana hii ina ukweli ndani yake, kwa kuwa matufaha mengi yauzwayo katika miji yetu hutoka Afrika Kusini. Lakini si ukweli wote. Katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, imo mitufaha nyuani mwa watu. Mwezi wa Januari tulijaliwa kufika huko, na tuliyoyaona katika ua wa nyumba moja na katika jiko lake twaona yafaa tuyasimulie, kwani yana faida kwa kila nyumba yenye sufuria na makaa.

Kwanza tuondoe shaka juu ya jina. Mtu wa Unguja au wa Tanga akitajiwa tofaa, aghalabu moyo wake humwendea lile tunda jekundu la pwani, lenye nyama nyeupe, maji mengi na harufu ya waridi. Hilo ni tunda jingine kabisa. Mabingwa wa elimu ya mimea huuweka mti wake pamoja na mkarafuu katika jamaa moja iitwayo Syzygium, na kwa hiyo tofaa la pwani ni ndugu wa karafuu. Tufaha tunalolisimulia hapa ni lile Waarabu waliitalo tuffah, na ambalo vijana wetu siku hizi huliita epo. Asili yake ni milima ya Tian Shan, katika Asia ya Kati. Chini ya milima hiyo, katika nchi ya Kazakhstan, uko mji wa Almaty, ambao jina lake lahusishwa na neno alma, maana yake tufaha kwa lugha ya wenyeji. Mwaka 1929 Nikolai Vavilov, bingwa wa mimea wa Urusi, alifika huko akakuta misitu ya matufaha ya mwitu. Basi tunda hili nalo lilianza safari yake milimani kabla ya kuenea duniani.

Aendaye Lushoto huiacha barabara kuu ya Arusha katika mji wa Mombo. Hapo ni chini, penye joto na mashamba ya mkonge. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa na Wadachi kutoka Tanga mwaka 1893, ilipita Mombo kabla ya kufika Moshi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kiasi cha kilomita 33 tu, lakini ni kilomita za kupanda na kuzunguka. Barabara imebanwa kati ya mwamba na bonde, na katika kila kona msafiri huona chini yake ile kona aliyotoka. Ukikaribia Soni husikia maji yanayoporomoka, na upepo uingiao dirishani huwa si upepo wa Mombo tena. Akina mama waliokuwa nasi garini walifungua mabegi yao wakatoa mitandio mizito pasipo kuambizana.

Lushoto yenyewe iko katika kimo cha mita 1,400 hivi juu ya bahari. Wadachi waliuita mji huu Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, kwa kuwa ubaridi wake uliwakumbusha kwao, na Wazungu ndio walioleta huku miti ya matunda ya nchi za baridi. Ufalme wa wageni umepita, miti imebaki, na Wasambaa wameifanya kuwa yao. Katika soko la mji tuliona plamu, mapeasi na mafyulisi katika matenga, kando ya kabeji, karoti na viazi. Matufaha yalikuwapo pia, lakini yalikuwa machache, madogo kama ngumi ya mtoto, ya kijani yenye wekundu upande mmoja, na mengi yalikuwa na alama za kuchubuka. Mita chache tu kutoka hapo, katika kibanda cha mfanyabiashara, yalipangwa matufaha makubwa ya Afrika Kusini. Wanunuzi walikwenda kibandani.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja anayekaa kwenye mteremko juu ya mji, pamoja na mwanawe, mkaza mwanawe na wajukuu. Tulipokwisha kusali adhuhuri msikitini alituchukua kwake. Nyuma ya nyumba ilisimama mitufaha mitatu iliyopandwa na marehemu baba yake. Chini yake ardhi ilikuwa imetapakaa matunda yaliyoanguka, na kuku walikuwa wakiyadonoa.

Hapo ndipo tulipotambua kuwa tumefika siku ya shauri zito. Yule mwana alikuwa na nia ya kuikata miti yote mitatu.

"Baba," alisema kwa adabu, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha piga hesabu, "mahali hapa pangenipa kabeji mara mbili au tatu kwa mwaka. Miti hii yanipa nini? Matufaha yake dalali hayataki. Na ada ya chuo ya mwanangu haingoji."

Mzee hakujibu upesi. Alishika tawi akalitazama. "Sikatai hesabu yako, mwanangu," alisema. "Lakini baba yangu aliipanda, na mimi nimekula, na wewe umekula. Nipe siku chache."

Sisi wageni tulinyamaza, kwani shauri la nyumba si la mpita njia. Na kwa hakika yule mwana hakuwa mtu mbaya. Mtu mwenye shamba dogo na mtoto chuoni hana budi kuipima kila hatua ya ardhi yake. Wala mzee hakuwa akishikilia mti kwa ukaidi. Sote twajua daraja ya mti uliopandwa katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), kuwa aliyeupanda huendelea kupata thawabu maadamu viumbe wanakula kwao. Mzee alikuwa akiichunga sadaka ya baba yake.

Aliyeyakata mazungumzo yale ni mkaza mwana. Alitoka jikoni na ungo, akaokota matufaha yaliyoanguka, akayachagua: yaliyooza akawaachia kuku, yaliyochubuka tu akayatia unguni. "Wageni wetu wamepanda mlima," alisema, "nao hawataondoka na chai kavu." Akaturuhusu tukae barazani karibu na jiko, na kwa kuwa tulimwambia kuwa tungependa kuwaeleza wasomaji wetu, alitutajia kila kitu alichokitia. Tunakiandika kama tulivyokiona.

Aliyaosha matufaha, akayamenya, akakata sehemu zilizopondeka, akatoa mbegu, akayakatakata vipande vidogo vya ukubwa wa haragwe. Yalipatikana kama vikombe vitatu, sawa na gramu 400 hivi. Akayakamulia nusu ya ndimu ili yasigeuke rangi. Katika bakuli jingine alichekecha unga wa ngano vikombe viwili, beking pauda vijiko viwili vya chai, na chumvi kidogo. Kisha akatia viungo: mdalasini uliosagwa vijiko viwili vya chai, iliki nusu kijiko, kungumanga ya kukwaruza kidogo, na karafuu tatu tu alizozitwanga kinuni. Tulipomwuliza kwa nini tatu, alicheka. "Karafuu ni kama mgeni mwenye maneno mengi," alisema. "Akiwa mmoja hupendeza barazani, wakiwa kumi hasikiki mwingine."

Viungo hivyo, msomaji, havikutoka mbali. Iliki, mdalasini na karafuu hulimwa katika Usambara ya Mashariki, pande za Amani na Muheza, na huuzwa katika masoko ya Tanga. Karafuu ya Unguja na Pemba ndiyo yenye sifa duniani, na Pemba hasa iliongoza baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Lakini jiko la Lushoto laweza kupata yake bila ya kuvuka bahari. Hivyo tufaha la milimani lilikutana katika bakuli moja na karafuu, nduguye tofaa la pwani, na majina yaliyotuchanganya sokoni yakapatana jikoni.

Kisha alipiga mayai matatu pamoja na sukari robo tatu ya kikombe, mpaka yakawa meupe na mazito, akatia mafuta ya alizeti nusu kikombe, na maziwa yasiyofika nusu kikombe. Unga akauingiza kidogo kidogo, akiukoroga kwa mwiko taratibu; alisema kuwa unga ukikorogwa sana keki huwa ngumu kama mkate wa juzi. Mwisho akayanyunyizia matufaha unga kijiko kimoja, ili yasizame chini, akayachanganya humo.

Nyumba ile haikuwa na jiko la umeme la kuokea. Alichukua sufuria pana, akaipaka mafuta, akainyunyizia unga, akamimina rojo lake. Jikoni aliacha makaa machache, akayatandaza ukingoni na kuacha katikati wazi. Akaiweka sufuria, akaifunika kwa mfuniko bapa wa bati, na juu ya mfuniko akapanga makaa mengi kuliko yale ya chini. Hii ndiyo siri ya kuoka kwa makaa: moto wa juu uwe mkubwa, wa chini uwe mdogo, kwani wa chini ukizidi keki huungua kitako na katikati ikabaki mbichi. Hakuifunua kwa nusu saa ya kwanza. Baada ya dakika 50 hivi alichoma katikati kwa kijiti kisafi. Kilipotoka kikavu aliiepua, akaiacha ipoe kidogo kabla ya kuipindua. Mwenye jiko la umeme au la gesi la kuokea ataweka moto wa nyuzi 180, na muda ni ule ule.

Harufu yake ilifika barazani kabla yake. Wajukuu walikuja pasipo kuitwa. Rangi ilikuwa ya hudhurungi, na ndani vipande vya matufaha vilikuwa laini, vyenye uchachu kidogo uliokata utamu wa sukari. Twataka kusema kwa insafu: tufaha lile dogo la uani halipendezi sana likitafunwa hivi hivi, kwa kuwa ni chachu na gumu. Lakini uchachu huo na ugumu huo ndio unaolifaa jiko. Tunda tamu lililolainika sana huyeyuka likapotea ndani ya keki, hili lilisimama.

Yule mwana alikula kipande cha kwanza kimya, na cha pili kimya. Kisha akasema, "Keki hailipi ada ya chuo." Mkewe akamjibu kwa upole, "Hailipi, Baba Fulani. Lakini mwenye mgahawa karibu na stendi ameniuliza mara mbili kama naweza kumpelekea mbili kila wiki, na matufaha haya twawapa kuku."

Ndipo nasi tulipopata nafasi ya kutia neno. Mtufaha hutaka baridi kali ili ulale, kisha uamke na kuchanua wote kwa pamoja. Lushoto ina ubaridi, lakini haina majira ya theluji; ndiyo sababu mti mmoja huonekana una maua tawi hili na matunda tawi lile, na mavuno yake huwa haba. Huko Batu, katika kisiwa cha Jawa, nchi ya joto kama yetu, wakulima huyapukusa majani kwa mikono baada ya mavuno, na mti huchanua upya kana kwamba umetoka katika baridi. Tulimweleza hayo, na alituuliza maswali mengi kuliko tuliyoweza kuyamaliza kabla ya alasiri.

Shauri walilolifikia jioni ile, mbele ya mzee, lilikuwa la wastani. Mti mmoja, ambao shina lake lilikwisha kuliwa na wadudu, utakatwa, na mahali pake patalimwa kabeji. Miwili iliyosalia itapunguzwa matawi, itajaribiwa njia ya Jawa, na itapewa muda hadi msimu ujao. Mzee aliitikia kwa kichwa, akaomba apewe yeye kazi ya kupukusa majani ya chini, yale ambayo mkono wake wafika.

Basi, wasomaji wetu, akina mama na akina baba, tunaloliwekea mkazo si keki peke yake. Katika nyumba zetu nyingi kimo kitu kidogo, kilichochubuka, ambacho soko limekikataa: ndizi zilizoiva kupita kiasi, maembe yaliyodondoka, maziwa yaliyoganda. Aya ya 31 ya Suratul A'raf imetuhadharisha na israfu, na israfu haianzi katika karamu za matajiri. Huanza chini ya mti wa uani. Mwenye kuokota, akamenya, akaondoa palipooza na kukitengeneza kilichosalia, ameihifadhi neema, amemkirimu mgeni, na huenda akaufungulia mlango wa riziki mti uliokuwa umekwisha kuhukumiwa shoka.

Asiye na matufaha ya Lushoto na atumie hayo ya dukani, akichagua yaliyo magumu na yenye uchachu, na apunguze sukari ikiwa ni matamu. Tofaa la pwani lisitumiwe, kwani lina maji mengi na keki itakuwa chepechepe. Hilo liliwe kwa chumvi kidogo kivulini. Aanze kwa Bismillahi, achunge makaa ya chini, na kipande cha kwanza ampelekee jirani kingali moto.