Kazi ya Bustani Shuleni, na Viumbe Waishio Ndani Yake

Twataka kuwaeleza habari ya kazi ya jembe katika shule yetu hapa Mbezi Luis, kwa kuwa wazazi wengine hawapatani nasi katika neno hili. Wako waliokuja mpaka mlangoni pa darasa na kutuuliza, "Mwalimu, mwanangu nalimleta asome, au nalimleta alime?"

Mzazi asemaye hivyo anayo sababu. Katika shule nyingi jembe limekuwa chombo cha adhabu. Mtoto akichelewa, jembe; akipiga kelele, jembe; asipofanya hesabu zake, atafyeka majani ya uwanjani hali wenzake wamo darasani. Akitendewa hivyo miaka saba atajifunza nini, illa kwamba udongo ni mahali pa wakosaji? Kisha twashangaa kumwona kijana aliyemaliza shule akishinda kituo cha mabasi kutwa bila kazi, na shamba la baba yake lina magugu. Lakini Bwana Mungu alipomweka Adamu bustanini alimpa kulima na kutunza kabla ya kosa lo lote, tena kabla hajampa mke.

Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ziwe na mashamba, na wanafunzi wenyewe washiriki kuamua mambo yake na kuona faida na hasara yake. Mahali pengi lilishikwa jembe, na lile la kuamua likaachwa. Tangu mwaka 2024 shule za sekondari zimeanza kupokea mkondo wa amali, na kilimo kimo ndani yake. Twaomba kosa lile lisirudiwe.

Kiwanja chetu cha bustani si kikubwa, kadiri ya nyumba tatu. Wenyeji wazee hutuambia ya kuwa zamani hapa palikuwa na mikorosho na miembe, na nyumba moja moja. Siku hizi, hasa tangu kituo kikubwa cha mabasi cha Magufuli kilipofunguliwa mwaka 2021, nyumba zimesongamana, na kila mtu azunguka kiwanja chake kwa ukuta na kumwaga saruji uani. Chozi na tetere hawana hati ya kiwanja. Wakikatiwa mti hapa, na pale, na pale tena, hawana pa kwenda illa uwanja wa shule na uwanja wa kanisa.

Vuli moja watoto walipanda maboga kando ya ua. Miche ikatambaa vizuri, maua yakawa mengi ya manjano, lakini hapakuwa na maboga; viboga vidogo vilikuwa vikisinyaa na kuanguka. Mmoja akasema mbegu ni mbaya, mwingine akanong'ona kwamba bustani imetupiwa jicho. Hatukuwajibu. Twaliwaambia waje saa kumi na mbili asubuhi, wakae kimya na kutazama.

Wakaona mambo. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limekwisha kunyauka. Ua dume lina kikonyo chembamba kirefu. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake tangu halijafunguka. Unga wa ua dume, uitwao chavua, ni mzito na wa kunata, upepo hauwezi kuuchukua. Hapana budi aje nyuki auchukue miguuni na mwilini. Watoto walihesabu nyuki asubuhi tatu, na waliokuja hawakutimia kumi.

Wakatafuta sababu, wakaiona ng'ambo ya ua. Jirani yetu, mzee mwenye matuta ya mchicha, alikuwa akipiga dawa ya wadudu kila alipoona jani limetobolewa, naye hupiga asubuhi, saa ile ile ya nyuki. Watoto wanne walikwenda kwake kwa adabu, wakamwamkia, wakamweleza. Mzee hakufurahi. Alisema, "Wajukuu zangu, mchicha huu ndio ada ya shule ya wenzenu waliomo nyumbani mwangu. Nyuki hanilipii ada." Neno hili lilikuwa la haki, kwa maana mchicha hauhitaji nyuki hata kidogo. Basi mtoto mmoja wa darasa la tano, msichana mpole ambaye darasani huwa hanyoshi mkono, akamwambia, "Babu, hatukuombi uache dawa. Twakuomba upige jioni, maua yakiwa yamefunga na nyuki wamekwenda kulala." Mzee akafikiri, akakubali.

Wakati ule wote watoto walikuwa wakifanya kazi ya nyuki kwa mikono yao: huchuma ua dume, huondoa majani yake, na kuligusisha ndani ya ua jike. Kazi hii ina uchovu mwingi, ua moja baada ya ua moja, na mgongo umeinama. Tangu hapo hatujamwona mtoto akimpiga nyuki kwa kandambili. Maboga tuliyoyavuna yalikuwa kumi na moja tu, maana mvua ilikatika mapema.

Wengine watauliza, je, kila kiumbe asaidiwe, hatta kunguru? La. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu ni wa India. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka, akaenea pwani yote, naye hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa hiyo watoto wetu hufukia mabaki ya chakula shimoni, asipate karamu. Lakini kinyonga, ambaye hupigwa mawe bure, hana sumu yo yote, naye hula wadudu.

Kazi ya namna hii si ngeni katika Dar es Salaam. Mwaka 1991 wanafunzi wachache wa mji huu walikutana na Bibi Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, wakamweleza mambo yaliyowasikitisha katika nchi yao. Hapo kikazaliwa chama cha Roots & Shoots, yaani Mizizi na Machipukizi, ambacho leo kimo katika nchi nyingi. Bibi huyo alifariki Oktoba 2025, mwenye umri wa miaka 91. Neno tulipendalo katika habari hii ni kwamba watoto ndio walioanza kusema.

Mbegu za yale maboga twazihifadhi ndani ya majivu. Mzazi azitakaye na aje Jumamosi asubuhi. Watoto watamgawia, nao watamwonyesha ua dume na ua jike. Aje mapema, kabla jua halijawa kali.