Lamu na Pate: Ndugu Wawili, Maisha Mbalimbali

Watu wengi wa bara wasikiapo jina la Lamu hudhani kuwa ni kisiwa kimoja tu. La, ni visiwa kadhaa, na wenyeji wa viwili kati ya hivyo, yaani Lamu yenyewe na Pate, ni ndugu kwa nasaba, kwa dini na kwa lugha. Lakini hali zao za maisha hazifanani.

Pate ndicho kisiwa kikubwa zaidi, na zamani ndicho kilichokuwa na sifa. Huko Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, na huko alizaliwa Mwana Kupona. Kisha, karibu na mwaka 1812, watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, na enzi ikahama.

Wengine husema ushindi ule ndio uliotajirisha Lamu. Mimi naona sababu kubwa zaidi ni maji. Mbele ya mji wa Lamu pana mkondo wenye kina, na vyombo hutia nanga karibu, maji yakijaa au yakipwa. Tena nyuma ya Shela viko vilima vya mchanga. Mvua inyeshapo, mchanga huyanywa maji na kuyahifadhi chini, na ndiyo yalishayo visima vitamu vinavyounywesha mji. Palipo na maji na bandari, ofisi na maduka hufuata. Na tangu mwaka 1987 hata punda wa Lamu wana zahanati yao!

Pate imezungukwa na mikoko na matope. Bahari ikipwa, mashua haiwezi kuufikia mji wa Pate, kwa hiyo abiria wengi hushukia Mtangawanda na kuendelea kwa nchi kavu. Mtu mzima aweza kuvumilia hayo. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa, akihitaji kupelekwa hospitali kuu ya Lamu usiku wa maji mafu, yeye na mtoto wake wamo mikononi mwa bahari. Kaskazini, katika miji ya Faza na Kizingitini, visima vingi ni vya chumvi, na kwa vizazi vingi watu wametegemea jabia, yaani mabirika ya kukingia mvua, yaliyochimbwa na kusakafiwa. Mwaka 2009 moto uliunguza sehemu kubwa ya Faza, kwa kuwa nyumba za makuti zilisongamana.

Hata hivyo, Mpate hana haja ya kumwonea kijicho Mwamu kwa kila jambo. Ana shamba la minazi la babu yake; Kizingitini wanavua kamba wakubwa wa miambani; Siyu wanajua kazi ya ngozi. Lamu, baada ya mji wake kutiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, wageni wamenunua nyumba nyingi za kale, na bei imepanda hata kijana aliyezaliwa mtaani humo hawezi kununua chumba. Na huko Shela majumba ya fahari yanazidi kupanda juu ya vile vilima vya mchanga, kila moja na shimo lake la maji machafu, juu ya maji yale yale anywayo mwenye nyumba na mji mzima.