Ree Mbili Mkononi

Kila mcheza poka ya holdemu hupewa karata mbili za siri, na ree mbili humwangukia mara moja katika migawo 221, kwa wastani. Basi zikija, moyo hudunda, na vijana wenzangu hunyamaza kimya, ati wawavute wengine ndani. Mie sikubaliani nao. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, ree mbili hushinda kama mara 85 kwa 100. Wapinzani tisa wakibaki hadi mwisho, hushinda kama mara 31 tu. Ndiyo maana napandisha dau mapema, wapungue.

Lakini, ndugu msomaji, kazi haijaisha. Katika holdemu isiyo na kikomo mtu aweza kusukuma fedha zake zote wakati wowote, na karata tano za mezani zikifunuliwa, pengine ree zako zitabaki jozi moja tu. Doyle Brunson alitwaa ubingwa wa dunia kule Las Vegas mwaka 1976 na tena 1977, mara zote mbili akimalizia na 10 na 2 mkononi, karata ambazo wengi wetu tungezitupa! Kwa hiyo nikiona meza imegeuka, naziachia ree zangu, roho ikiuma. Na fedha ninayoweka pale ni ile tu ambayo mama hataiuliza.