Je, Familia Yako Ihamie Matuu?

Msomaji mpendwa, hebu nikuulize swali moja kabla chai haijapoa. Mtoto wako mdogo alikuona lini mara ya mwisho siku ya kazi, yeye akiwa macho? Iwapo unaishi Kayole, Githurai au Mwiki na kibarua chako kiko Eneo la Viwandani, sihitaji kungoja jibu. Unatoka alfajiri angali usingizini, unarudi usiku akiwa keshalala. Anakujua kwa viatu vyako vilivyo mlangoni na kwa jina lako ambalo mamaye humtishia nalo anapokataa uji.

Ndiyo maana siku hizi, kila ninapoketi na wazazi vijana, mazungumzo hayachukui muda kabla mmoja hajasema, "Afadhali tuhame." Kuhama si hoja. Hoja ni kuhamia wapi, na je, huko uendako kuna raha au ni kubadilisha tu mahali pa kuhangaikia? Leo nakuchukua hadi Matuu, Kaunti ya Machakos, tukajionee.

Shika Barabara ya Thika, ile iliyopanuliwa ikakamilika mwaka 2012. Ukifika Thika, usielekee Murang'a wala Nyeri. Fuata njia ya Garissa. Utapita mashamba ya mananasi yasiyo na mwisho, kisha upande wa kulia utauona mlima Kilimambogo umejiinamia peke yake kama mzee aliyeachwa nyuma na wenzake. Hapo utaanza kuvua sweta. Unateremka mamia ya mita kutoka kimo cha Nairobi, na jua la Ukambani halina adabu ya kubisha hodi. Utapita Kithimani, na kabla hujachoka kukaa, utingo anaita, "Matuu! Matuu wa kushuka!" Kutoka jijini ni kama kilomita 100, lami tupu.

Usitarajie mji wa kupigia picha. Matuu umejinyoosha kandokando ya barabara kuu kama kamba ya kuanikia nguo: maduka, hoteli za chai na chapati, magereji, maduka ya pembejeo, vibanda vya nyanya na maembe. Malori yapita mchana na usiku. Mabasi ya Mwingi na Garissa, na mengine ya safari ndefu za Wajir na Mandera, husimama abiria wanyooshe miguu. Utasikia Kikamba kwanza, kisha Kiswahili, halafu Kikuyu cha wachuuzi kutoka Thika na Kisomali cha wasafiri. Ni mji wa vumbi, kelele na shughuli nyingi. Aliyekuambia kwamba kuhama Nairobi ni kwenda kutulia kimya chini ya mti hajafika Matuu.

Sasa toka barabarani, utembee kidogo ndani. Ghafla vumbi linakwisha na unakuta mashamba ya kijani kibichi: mishiri, bamia, karela, biringanya, pilipili na mipapai. Nje ya mashamba hayo migunga imekauka. Ndani yake wanawake wanavuna huku wakizungumza. Siri ni mfereji wa Yatta.

Mfereji huo, msomaji, una historia ambayo wengi wanaokula mboga zake hawaijui. Ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mahabusu wa Mau Mau. Serikali ya kikoloni iliwaweka watu hao kizuizini, ikawapa sururu na majembe, wakachimba njia ya maji kutoka Mto Thika hadi nyanda kavu za Yatta, mwendo wa takriban kilomita 60. Wengi wao walitoka kwenye milima yenye mvua, na hapa walikuwa wakipasua ardhi ngumu chini ya jua kali ili maji yafike kwa watu wasiowajua. Mkoloni aliondoka, mahabusu wakaenda zao, lakini maji yangali yanateremka. Kila nikiuona mfereji huo hujiuliza kama kuna mchimbaji hata mmoja aliyewahi kurudi kununua fungu la mishiri.

Penginepo palipo juu ya mfereji au mbali nao, mambo ni mengine kabisa. Mvua za Novemba ndizo tegemeo kubwa. Zikikosa, mahindi hukauka yakiwa ya magoti. Baada ya ukame wa mwaka 2009, Askofu Titus Masika na shirika lake la Christian Impact Mission walianzisha huku Yatta kampeni iliyoitwa Operation Mwolyo Out. Mwolyo ni jina la Wakamba kwa chakula cha msaada. Ujumbe ulikuwa mfupi: kila boma lichimbe kidimbwi chake cha kuvunia maji ya mvua, lipande mazao yanayostahimili ukavu, na foleni ya kungoja magunia ya serikali ikome. Watu walichimba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Ni desturi ile ile ya mwethya, kazi ya pamoja ambayo Wakamba wameitumia tangu jadi, na ambayo ndiyo iliyotengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye vilima vya Machakos.

Nakwambia haya yote kwa nini, nawe uliniuliza habari za furaha? Kwa sababu Matuu ni mji wa watu waliohama. Zamani za mkoloni sehemu kubwa ya nyanda za Yatta ilikuwa ardhi ya serikali, ya kulishia mifugo tu. Milima ya Machakos ilipojaa watu na mashamba yakagawanywa yakawa kama leso, familia changa ziliteremka huku kutafuta ardhi. Kwa hivyo yule mama unayemwona sokoni akikupimia pojo, na unayemwita "mwaitu" kwa heshima, yumkini yeye au mamaye aliwahi kufika hapa akiwa na godoro, sufuria mbili na mtoto mgongoni. Mgeni hashangaliwi sana. Sema "muvea" unaporudishiwa chenji, na kesho yake utaulizwa umelalaje.

Tugeukie wataalamu kidogo, maana vijana wa chuo mnaosoma ukurasa huu hamridhiki na maneno ya sokoni. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilianza jaribio kubwa katika miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia zaidi ya 4,000 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za serikali kwenye mitaa ya ufukara zilipigiwa kura; baadhi zikapewa hati za kuzisaidia kulipa kodi mahali pazuri zaidi, nyingine zikabaki bila. Miaka kumi na zaidi baadaye watafiti walizirudia. Mapato ya wazazi waliohama hayakuwa yamepanda. Mifuko ilikuwa ile ile! Lakini walikuwa na nafuu ya moyo, na walisema wana furaha kuliko wenzao waliobaki. Kisha mwaka 2015 wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walionyesha jambo jingine: watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walipokuwa watu wazima walipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa karibu asilimia 31. Waliohamishwa wakiwa wakubwa hawakufaidika hivyo. Kwa baadhi yao kung'olewa kulileta hasara.

Bila shaka Chicago si Kayole, na wale hawakupelekwa kulima bamia. Hata hivyo sehemu ya umri naiamini, kwa kuwa tumeiona wenyewe. Mtoto wa miaka minne hujifunza Kikamba kabla ya mwezi kwisha na kurudi nyumbani na marafiki sita. Kijana wa miaka kumi na sita huketi kitandani na simu, akihesabu siku za kurudi mtaani. Kama ni kuhama, hama mapema.

Kuna utafiti mwingine unaowahusu akina baba hasa. Alois Stutzer na Bruno Frey, wachumi wa Uswisi, walichunguza takwimu za Wajerumani wanaosafiri kwenda kazini, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Ungedhani anayekubali safari ndefu hulipwa fidia, ama kwa mshahara mnono ama kwa nyumba nzuri, hata mizani ikawa sawa. La hasha! Waligundua kwamba kadiri safari inavyorefuka ndivyo mtu anavyozidi kutoridhika na maisha yake, fidia au hakuna fidia. Basi wewe unayepanga kulala Matuu na kuamkia kazini Nairobi kila siku, kilomita 100 kwenda na 100 kurudi, jua kwamba umenunua msongamano ule ule kwa bei ya jumla.

Najua mume na mke waliojifunza somo hili kwa njia ngumu. Walikuwa wakikaa Umoja na mtoto wa miaka mitatu. Waliamua mke na mtoto watangulie Matuu, mume abaki kazini jijini, awe anafika kila Jumamosi. Ilionekana hesabu nzuri: kodi ya nyumba huku ni nafuu, mtoto ana uwanja wa kukimbia. Kumbe walikuwa wamehamisha vyombo tu. Mume alilala kwa rafiki, akala mkahawani, na Jumamosi alifika amechoka, akitaka kupumzika. Mke kwa upande wake alikuwa amengoja wiki nzima apate mtu wa kuongea naye. Jumamosi zikawa siku za ugomvi. Mtoto alianza kumwita babaye "anko". Mama wa watu alilia miezi sita. Alikosa dada zake, alikosa saluni yake, alikosa hata makelele ya makanga.

Kilichowaokoa ni pampu. Mume alikuwa fundi wa mitambo, na wikendi moja jirani alimwomba amtazamie pampu yake ya maji iliyokufa. Wiki iliyofuata walikuja wawili, kisha watano. Panapo mfereji na vidimbwi, msomaji, panapo wakulima wanaovuta maji kwa injini ndogo, fundi hakosi unga. Alipoona hivyo akaacha kazi ya jijini, si kwa pupa, bali baada ya kuweka akiba ya miezi kadhaa. Mapato yake si makubwa kuliko ya zamani; mwezi mwingine ni madogo. Ila anakula chakula cha mchana nyumbani. Mkewe alijiunga na chama cha akina mama, akaanza kushona sare za shule. Nilipowatembelea, mtoto alikuwa amelala juu ya tumbo la babaye saa tisa mchana, siku ya Jumatano. Nani Nairobi ana Jumatano kama hiyo?

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Joto la Februari ni kali, na chini ya bati utajuta. Maji ya visima huku Ukambani mara nyingi huwa na chumvi, na ya mfereji si ya kunywa kabla ya kuchemshwa. Mfereji wenyewe uko wazi. Mtoto wa jiji asiyejua maji asiachwe peke yake karibu nao. Barabara kuu nayo haina huruma, kwa hivyo tafuta nyumba na shule zilizo upande mmoja wa lami. Mbu wapo, chandarua ni lazima. Kilimo cha mboga kina madalali wake, na wapo wanaofika shambani bei ikiwa juu na kuzima simu bei ikishuka. Kama mwalimu, muuguzi, fundi au mfanyabiashara ndogondogo, una nafasi. Kama kazi yako ni ya ofisi kubwa tu na hujui kufanya lingine, ngoja kwanza.

Halafu jambo la ploti. Ukionekana mgeni, utaletewa ploti kabla hujaletewa kiti. Usinunue mwaka wa kwanza. Panga nyumba. Ukifika wakati wa kununua, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukaangalie jina lililo kwenye hati, waulize majirani wa pande zote nne, na kama ni shamba, hakikisha bodi ya kudhibiti ardhi imetoa kibali. Na mke wa muuzaji awepo, ajue.

Ukitaka kwenda kuutazama mji, usiende Desemba. Desemba mvua imenyesha, mahindi yamesimama, maembe yanaiva, kila mtu kaja likizo, na hata mawe yanapendeza. Nenda Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati ardhi imepasuka na vumbi limejaa hadi kwenye nyusi. Fikeni wote, baba, mama na watoto, si mmoja aende kuwaangalilia wengine. Laleni siku mbili. Kuleni muthokoi. Ulizeni mtungi wa maji unauzwa shilingi ngapi, daktari yuko wapi usiku, na mtoto wa darasa la kwanza anakwenda shule na nani. Kisha, mkiwa kwenye matatu ya kurudi Nairobi, kabla ya kufika Thika, mwulize kila mmoja peke yake, hata yule mdogo, kama angependa kurudi.